Afisa wa sayansi wa kampuni ya dawa si repu, lakini naye aulizwe

Kwa Mhariri,

Msomaji wako mmoja aliandika kwamba mtu yeyote anayeingia hospitalini na mkoba wa kampuni ya dawa amekuja kumnunua daktari, na daktari anayempa kiti amekwisha kuuzwa. Hasira yake tunaielewa. Ila amewafunga watu wawili kwa kamba moja, na sisi tunaofanya kazi hii hapa Lamu, mfamasia mmoja na madaktari wawili, tungependa wafunguliwe ili kila mmoja aangaliwe peke yake. Kuna repu, yaani muuzaji wa kampuni ya dawa, na kuna afisa wa sayansi. Hatumtetei yeyote kati yao, maana wote wawili mshahara wao unatoka mfuko mmoja. Lakini kuwatazama kwa jicho moja kunamfanya daktari amwamini asiyestahili na kumfukuza wa kumfaa.

Repu watu wanamjua. Ndiye yule mwenye vipeperushi vya rangi, kalamu na sampuli za wiki mbili. Ana shabaha ya mauzo ya kila mwezi, na mkubwa wake anaweza kuipima kazi yake kwa kuangalia tu maduka ya dawa yaliyo jirani na hospitali yameagiza maboksi mangapi. Anachoruhusiwa kusema ni kile ambacho Bodi ya Dawa na Sumu imekiidhinisha kwenye maelezo ya dawa hiyo.

Afisa wa sayansi ni mtu mwingine. Mara nyingi ni daktari, mfamasia au mwenye shahada ya uzamifu katika sayansi ya tiba. Yuko chini ya idara ya kitabibu ya kampuni, siyo ya mauzo, na kwa kanuni bonasi yake haifuati idadi ya vidonge vilivyouzwa. Cheo hiki kilianzishwa Marekani mwaka wa 1967 na kampuni ya Upjohn, ilipoonekana kwamba madaktari bingwa wanauliza mambo ambayo muuzaji hana elimu ya kuyajibu. Kazi yake ni kueleza majaribio ya dawa yalivyofanywa, kujibu yale ambayo kipeperushi kimeyanyamazia, kumsaidia daktari anayetaka kufanya utafiti, na kuirudishia kampuni habari za yale yanayoonekana wodini. Sampuli hana. Akizitoa mkobani, basi huyo ni repu aliyebadilisha kadi.

Tofauti yao inauma zaidi kwenye matumizi ya nje ya kibali. Dawa inaweza kuwa imesajiliwa kwa kifafa, daktari akaitumia kwa maumivu ya mishipa ya fahamu kwa sababu ameona ushahidi. Daktari ana ruhusa hiyo. Kampuni haina ruhusa ya kuinadi kwa kazi hiyo. Ila daktari akiuliza mwenyewe bila kuchokozwa, afisa wa sayansi anaweza kumwambia ushahidi uliopo, mzuri na mbaya, na jibu kamili likamfuata kwa barua. Repu akiulizwa swali hilohilo hana budi kusema, "Hilo nitalipeleka kwa wenzangu." Kwenye karatasi mpaka huo ni ukuta. Kwenye korido za hospitali ni pazia, tena jepesi: Jumatatu repu anamnong'oneza daktari, "Akija mwenzangu muulize habari za maumivu," na Alhamisi swali "lisilochokozwa" linaulizwa.

Shaka ya madaktari haikuzuka hivi hivi. Mwaka wa 1996 David Franklin, mtaalamu wa vijidudu, aliajiriwa na Parke-Davis, tawi la Warner-Lambert, kwa cheo cha aina hii tunayoizungumzia. Dawa iliyokuwa mezani ni Neurontin, yaani gabapentini, ambayo Marekani wakati huo ilikuwa imeidhinishwa iwe nyongeza tu juu ya dawa nyingine za kifafa. Franklin akakuta kwamba yeye na wenzake, kwa ajili ya shahada zao, wanatumwa kuisifu kwa maumivu, kwa maradhi ya akili ya hisia kupanda na kushuka, na kwa dozi zinazopita kiwango kilichoidhinishwa. Aliacha kazi baada ya miezi michache, akaenda mahakamani. Mwaka wa 2004 Warner-Lambert, ambayo kufikia hapo ilikuwa mali ya Pfizer, ilikiri makosa, na malipo yote pamoja yakafika dola milioni 430. Tunavyoona sisi, kilicholegeza masikio ya madaktari katika mambo yale ni ile "Dokta" iliyo mbele ya jina la mgeni. Muuzaji angeambiwa alete ushahidi.

Kwa hivyo madaktari wanamwonaje? Inategemea umemuuliza nani. Daktari bingwa wa moyo au wa kisukari humkaribisha, kwa sababu makala nyingi za kitabibu hazisomeki bila kulipia, na afisa huyu anazo hata zile jedwali za viambatisho ambazo wengi hawafiki kuzifungua. Daktari kijana aliyetoka chuoni juzi hukaa naye mikono imekunjwa kifuani, kisha humuuliza maswali makali kuliko wakubwa wake. Mfamasia hana haja na sifa za dawa. Anataka kujua itadumu siku ngapi nje ya friji. Matabibu, yaani maafisa wa kliniki, na wauguzi, ambao ndio wanaoandika dawa nyingi visiwani, hawana maoni, maana afisa huyo hajawahi kufika kwao. Hilo tutalirudia.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu sisi tunampa jembe siku ya kwanza, tena kabla ya chai. Jembe lenyewe ni maswali, na la kwanza ni hili: dawa yako ililinganishwa na nini?

Vioxx ya Merck ndiyo darasa. Katika jaribio la VIGOR, lililochapishwa mwaka wa 2000, dawa hiyo ya maumivu ya viungo ililinganishwa na naproksini, dawa nyingine ya maumivu. Waliopewa Vioxx walipata madhara machache ya tumbo, lakini mishtuko ya moyo ilikuwa mingi kwao. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba naproksini ndiyo inayoulinda moyo, wala siyo Vioxx inayouumiza. Hapakuwa na kundi la tatu lililopewa kidonge kitupu, kisicho na dawa ndani, ili liamue ugomvi huo. Lilipokuja jaribio lenye kidonge kitupu, hatari ikaonekana wazi, na Septemba 2004 dawa ikaondolewa sokoni. Kwa hiyo afisa akisema dawa yake "ni bora," daktari hana budi kuuliza ni bora kuliko nini, kwa dozi ipi, na hiyo nyingine ilipewa dozi yake kamili au nusu.

La pili ni asilimia ya nini. Hapa ndipo wengi tunapopigwa chenga, na mfano mzuri uko karibu na nyumbani. Jaribio la AQUAMAT, lililochapishwa mwaka wa 2010, lilifanywa katika nchi 9 za Afrika kwa watoto 5,425 wenye malaria kali, Kilifi ikiwa miongoni mwa vituo vyake. Waliopewa kwinini walikuwa 2,713, wakafa 297. Waliopewa artesuneti walikuwa 2,712, wakafa 230. Chukua karatasi: upande wa kwinini ni vifo 10.9 kwa kila watoto 100, upande wa artesuneti ni 8.5. Anayetaka ushangae atakwambia vifo vilipungua kwa asilimia 22.5, na hasemi uongo. Anayetaka uelewe ataongeza kwamba tofauti ni watoto kati ya 2 na 3 katika kila 100, yaani ukitibu watoto kama 41 kwa artesuneti badala ya kwinini unaokoa mmoja zaidi.

Sasa weka kando yake tangazo la Lipitor, dawa ya kupunguza lehemu (kolesteroli), lililokuwa likitolewa Marekani: mishtuko ya moyo hupungua kwa asilimia 36. Kwa herufi ndogo chini yake palikuwa na hesabu yenyewe, watu 3 katika 100 kwa waliopewa kidonge kitupu, na 2 katika 100 kwa waliopewa dawa, tena kwa kuinywa zaidi ya miaka mitatu. Asilimia 36 ikawa mtu 1 katika 100 kwa miaka, na asilimia 22.5 ikawa mtoto 1 katika 41 kwa siku chache. Hatusemi dawa ya lehemu haina maana. Tunasema namba kubwa haimaanishi faida kubwa, na afisa asiyetaja idadi za watu kwa kila 100 mpaka aombwe, huyo bado ana harufu ya mauzo.

Maswali mengine mawili tuyapitie haraka. Nani alikuwamo kwenye jaribio: kulikuwa na wajawazito, wazee waliopita miaka 75, wenye figo dhaifu, watu wa kwetu? Mara nyingi hao huondolewa mlangoni, kisha dawa ikija ndio wanaoandikiwa. Na matokeo yalifungwa fungu moja au yalihesabiwa mbalimbali? Ukiunganisha kifo, mshtuko wa moyo na kulazwa hospitalini kuwa jambo moja, dawa inaweza kuonekana inaokoa watu kumbe kilichopungua ni kulazwa tu. Fungueni fungu, kila kitu kisimame peke yake.

Kisha kuna swali la kumpima mtu mwenyewe: nani hapaswi kupewa dawa yako? Afisa aliyeiva hujibu papo hapo bila kufungua kompyuta. Akianza na "kwa jumla inavumilika vizuri," mpe chai, muage. Na akisema "sijui, nitakuletea jibu," usimdharau. Neno hilo kwetu lina thamani kuliko picha zake zote za ukutani, ilimradi jibu lije.

Tukiacha kumbana, kuna mambo ambayo Lamu inamhitaji kweli, na hatuoni aibu kusema hivyo. Insulini ni mojawapo. Chupa ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Iliyokwisha kufunguliwa, nyingi hudumu kama wiki 4 nje ya friji ikiwa joto halipiti nyuzi 25 au 30, kulingana na aina. Kipeperushi kinaishia hapo. Chumba cha paa la mabati wakati wa kaskazi kinapita 30 mchana kutwa, na umeme ukikatika friji nayo haisaidii. Swali letu basi ni hili: ikikaa siku 10 kwenye nyuzi 34 inabaki na nguvu kiasi gani? Kampuni iliipima dawa yake kwenye joto mbalimbali kabla ya kuisajili, na jibu limo kwenye mafaili yake. Repu hana ufunguo wa mafaili hayo. Afisa wa sayansi anao.

Mtungi wa udongo husifiwa sana katika mafunzo, na bara kwenye hewa kavu unapoza vizuri. Kwetu hewa imejaa unyevu, maji hayakauki upesi juu ya udongo, kwa hiyo mtungi unapoza kidogo tu. Kosa jingine ni barafu. Mgonjwa anatoka Mokowe, upande wa bara, na chupa imezamishwa kwenye mfuko wa barafu, anafika kisiwani imeganda upande mmoja. Insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Ile ya mchanganyiko, ukiibingirisha polepole baina ya viganja inatakiwa iwe nyeupe sawasawa kama maziwa. Ukiona madonge, au ukungu ulioshika kwenye kioo, itupwe. Taulo kavu kati ya chupa na barafu ingetosha kuiokoa.

Jambo la pili ni Ramadhani. Wagonjwa wetu wengi wa kisukari hufunga, wengine hata wakikatazwa, na kipeperushi cha dawa kimeandikwa kwa mtu anayekula mara tatu mchana. Mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani upo, na afisa anayekuja Shaabani bila kuusoma amepoteza nauli ya ndege. Chukua mgonjwa anayedunga insulini ya mchanganyiko mara mbili, yuniti 30 asubuhi na 20 jioni. Kwa mwongozo huo, zile 30 za asubuhi zinahamia futari, na zile 20 zinapunguzwa kwa robo hadi nusu, yaani zinakuwa 10 hadi 15, na kudungwa wakati wa daku. Ukimwachia 30 za alfajiri, saa nane mchana sukari inamwangusha. Vidonge vya glibenklamidi navyo vina hatari hiyohiyo ya kuangusha, ndiyo maana ni bora mgonjwa abadilishiwe kabla ya mwezi kuandama. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita au ikipanda juu ya 16.6, saumu ivunjwe hapo hapo, asisubiri adhana. Na mgonjwa anayesoma haya asijipangie dozi mwenyewe. Hesabu hii ni ya kufanywa na daktari wake, mbele ya vipimo vyake.

Zipo sasa dawa mpya za kisukari zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, dapagliflozini na empagliflozini miongoni mwake. Ni dawa nzuri, moyo na figo hufaidika, na maafisa wa sayansi wanazipenda. Lakini zinatoa na maji. Mvuvi aliyefunga, yuko juani tangu asubuhi, anapoteza maji kwa jasho na kwa mkojo kwa pamoja. Isianzishwe Ramadhani ikiwa mlangoni. Anayeitumia tayari ainywe futari na anywe maji ya kutosha mpaka daku. Akitapika au akiugua aisimamishe na aje hospitalini. Tatizo lake baya humdanganya hata mtaalamu: damu inaweza kujaa asidi huku kipimo cha sukari kikisoma namba isiyotisha. Tabibu anaona 11, anamwambia mgonjwa aende nyumbani apumzike. Afisa wa sayansi anayelitaja hili kabla hajaulizwa amejipatia kiti siku nyingine.

Sasa lile la visiwani. Afisa anayekuja Lamu hushuka uwanja wa ndege wa kisiwa cha Manda asubuhi, akavuka kwa boti, akaonana na daktari mmoja au wawili, akarudi kuiwahi ndege ya mchana. Huyo daktari amechaguliwa kwa sababu ana sauti: wenzake wanamwiga, husemeshwa kwenye mikutano. Kampuni ina hesabu zake hapo, hatuzishangai. Lakini Faza, Kizingitini na Siyu, kisiwani Pate, anayemwona mgonjwa kwanza ni muuguzi au tabibu, na dawa anazotumia nyingi hazina mwenye kuzisifu kwa sababu ni za bei rahisi. Hakuna anayevuka bahari kueleza sindano ya artesuneti.

Na sindano hiyo ina mengi ya kueleza. Tuseme mtoto wa kilo 14 ameletwa zahanati na malaria kali, hawezi kumeza, na boti inatayarishwa kumpeleka hospitali kubwa. Chupa ya miligramu 60 ina unga. Kwanza unaingizwa mililita 1 ya sodiamu bikaboneti inayokuja nayo kwenye boksi, inatikiswa mpaka iwe angavu. Ikibaki na ukungu, inatupwa. Kisha, kwa sindano ya msuli, unaongezwa mililita 2 za maji ya chumvi ya hospitali au dekstrosi ya asilimia 5, ndipo kila mililita inakuwa na miligramu 20. Maji ya kawaida ya sindano hayafai hapa, na ndiyo kosa linalofanyika zaidi kwa sababu ndiyo yaliyo karibu na mkono. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Wa kilo 14 ni miligramu 42, sawa na mililita 2.1, inadungwa paja la mbele. Wa kilo 20 na zaidi ni miligramu 2.4 kwa kilo. Dawa iliyochanganywa itumike ndani ya saa moja. Mtu akichanganya mapema ili awe tayari, halafu boti ikachelewa, ameharibu dozi bila kujua.

Mtoto akipona, mama aambiwe amrudishe ikiwa wiki moja hadi tatu baadaye atapauka au mkojo utakuwa mweusi, maana damu inaweza kuvunjika baada ya dawa hii kumaliza kazi. Somo lote hilo ni nusu saa. Kampuni zenye maafisa wa sayansi zinaweza kulitoa zikitaka, hata kwa simu, ikiwa gharama ya boti ndiyo kikwazo. Hata hizo dawa zao mpya, zikisababisha madhara, anayeyaona mwanzo ni yule muuguzi wa kisiwani ambaye hawakumtembelea.

Kwa hospitali zinazotaka kuwapokea watu hawa bila kuchafuka, utaratibu tunaoufuata ni mfupi. Afisa huandika barua kwa kamati ya dawa na tiba, siyo kwa daktari mmoja, akitaja dawa na cheo chake. Kamati humpelekea maswali yake siku tatu kabla, kwa maandishi, ili asiseme yalimjia ghafla na ili ijulikane nani aliyeanza mazungumzo. Anapewa dakika 20, mfamasia akiwemo. Haonani na daktari chumba cha wagonjwa. Zawadi hapana, hata kalamu. Kanuni za shirikisho la kimataifa la kampuni za dawa zenyewe zilikwisha kuzipiga marufuku kwa dawa za kuandikiwa tangu 2019, kwa hiyo anayeleta anavunja sheria ya kwao. Chakula tunakula kwetu.

Madhara ya dawa yakitajwa katika mazungumzo, hata kwa mzaha, afisa anatakiwa kuyaripoti kwa kampuni yake, na kampuni nyingi zinamtaka afanye hivyo ndani ya siku moja ya kazi. Atataka mambo manne: mgonjwa wa kutambulika bila jina lake, dawa, kilichotokea, na nani anayeripoti. Mpe, ongeza na namba ya bechi. Lakini hapa hutokea kosa kubwa: daktari anadhani amekwisha kuripoti. La. Fomu ya manjano ya Bodi ya Dawa na Sumu ni wajibu wake yeye, na ile ya waridi ni ya dawa zenye kasoro, kama vidonge vinavyomeng'enyeka. Kwa hivyo vya kumeng'enyeka tuwe waadilifu: vingine tumeviharibu wenyewe kwa kuvitoa kwenye foili na kuvigawa kwenye vibahasha vya karatasi, katika unyevu huu wa bahari. Afisa aliwahi kuulizwa kwa nini dawa yake inalainika, akauliza tunaifungia nini. Jibu likawa letu.

Mwisho kuna daftari. Kurasa zake zina safu tano: tarehe, jina la dawa, swali, jibu alilotoa, na alichoahidi kuleta pamoja na siku aliyoahidi. Afisa anatia sahihi chini ya safu ya tano kabla ya kwenda zake Manda. Anapobisha hodi mara ya pili, mfamasia hufungua ukurasa wake wa zamani, akamwekea mezani, akamwonyesha kwa kidole ile safu ya tano. Swali letu la insulini ya nyuzi 34 limo humo, na nafasi ya jibu bado ni nyeupe.

Mfamasia na madaktari wawili,
Lamu